Maneno ya Kiingereza cha Kila Siku na cha Mitaani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mtu aliyesoma Kiingereza shuleni, anayeelewa gazeti bila shida, lakini hukwama akizungumza na Mwingereza au Mmarekani, au akisoma ujumbe wa kijana wa London. Mengi ya makosa haya hayatokani na uchache wa msamiati. Yanatokana na kudhani kwamba kila neno la Kiswahili lina pacha wake Kiingereza.

"Borrow" na "lend" vinatofautianaje?

Kiswahili humaliza kazi hii kwa mnyambuliko: unakopa, mwenzako anakukopesha. Mzizi ni mmoja. Kiingereza kina vitenzi viwili visivyofanana hata herufi ya kwanza. Anayechukua ndiye wa "borrow", anayetoa ndiye wa "lend". Kwa hiyo ni "Can I borrow your pen?" au "Can you lend me your pen?". Kosa linalosikika sana ni "Borrow me your pen".

Njia ya kujikagua: baada ya "lend" unaweza kumtaja mtu papo hapo, "lend me", "lend her". Baada ya "borrow" hufuata kitu, kisha "from" na mtu: "I borrowed 500 shillings from him". Hali ni hiyohiyo kwa "learn" na "teach". Aliyekufunza hakuku-"learn", alikufundisha, yaani "he taught me".

"Rent" ndilo linalovuruga hesabu, kwa sababu linabeba kupanga na kupangisha. Tazama kihusishi: "I rent a room from her" mimi ndiye mpangaji, "I rent a room to her" mimi ndiye mwenye nyumba. Ukiona kibao cha "To Let" Uingereza, nyumba inapangishwa.

Je, "pole" ni "sorry"?

Mara chache. "Sorry" hubeba kwanza kabisa maana ya samahani, yaani kukiri kosa. Mtu akijikwaa barabarani ukamwambia "Sorry!", Mwingereza anaweza kukujibu kwa mshangao kwamba si kosa lako. Amekusikia ukiomba radhi, na wewe ulikuwa unampa pole.

Pole inabidi ivunjwevunjwe kulingana na jambo. Aliyejikwaa: "Are you all right?". Mgonjwa: "I'm sorry to hear that. Get well soon." Aliyefiwa: "I'm sorry for your loss." Hapo "sorry" inaruhusiwa kwa sababu imefungwa na maneno yanayoonyesha kwamba unasikitika, huombi radhi. Aliyetoka safari haambiwi pole, huulizwa: "How was your journey?". Na "pole na kazi" haina mwenzake. Ukimpita mtu anayelima, salamu ya kawaida inatosha, wala hutaonekana huna adabu.

"Sorry?" ikisemwa kwa sauti inayopanda mwishoni ni jambo jingine: sikukusikia, rudia. Ni bora kuliko "What?", ambayo kwa mtu mzima husikika kama mtoto anayemjibu mkubwa wake "Nini?".

Na "excuse me"? Hutangulia usumbufu, kama samahani ya kupita katikati ya watu au kumwita mhudumu. "Sorry" hufuata baada ya kumkanyaga mtu. Wamarekani hutumia "excuse me" hata baada ya kumgonga mtu kidogo.

Nikiulizwa swali la kukanusha, nijibu "yes" au "no"?

Hili ndilo swali tunalolipa uzito kuliko yote, kwa sababu linaweza kukuharibia usaili wa kazi au mahojiano ya viza.

Kwa Kiswahili, ukiulizwa "Hukumwona?" unajibu "Ndiyo, sikumwona". Ndiyo yako inakubaliana na muulizaji: ulivyosema ndivyo ilivyo. Kiingereza hakijali muulizaji alivyouliza, kinajali tukio lenyewe. Kama tukio halikutokea jibu ni "no", kama lilitokea ni "yes". Kwa hiyo "Didn't you see him?" hujibiwa "No, I didn't" ikiwa hukumwona, na "Yes, I did" ikiwa ulimwona. "Yes, I didn't" haipo.

Sasa fikiria ofisa anakuuliza: "You haven't been refused a visa before?" Hujawahi kunyimwa, nawe unaitikia "Yes" kwa nia njema kabisa. Yeye anaweza kuandika kwamba umewahi kunyimwa. Kinga ni moja: usijibu neno moja. Sema sentensi nzima, "No, I have never been refused a visa."

Ndugu wa swali hili ni "Do you mind if I sit here?". Maana yake ni: je, utakereka nikikaa hapa? Ukitaka akae, jibu ni "No, go ahead". Hata wenyewe huchanganya kidogo, wengine hujibu "Sure" na mtu anakaa. Lakini "Yes" tupu humfukuza.

"Karibu" ni "welcome"?

"You're welcome" ni jibu la asante tu. Mgeni mlangoni huambiwa "Come in". Aliyekukuta unakula huambiwa "Would you like some?", na chakula kikiwa mezani "Help yourself". Muuza duka anayemuaga mteja kwa "Welcome again" anaeleweka, ila mwenye lugha angesema "See you again" au "Come again". Mahali "welcome" na karibu hukutana kweli ni kumpokea mtu mahali: "Welcome to Mombasa."

Ni tafsiri zipi za moja kwa moja zinazoleta aibu?

"Flash me" inaongoza. Kwetu kuflashi ni kubipu, kupiga simu ikalia mara moja ukakata. Uingereza na Marekani, kumflashi mtu ni kumwonyesha utupu wako. Sema "Give me a missed call".

"Escort me to the stage", ukitaka mtu akusindikize hadi kituoni, nayo si salama: "escort" ni pia mtu anayelipwa kumpa mwingine kampani, mara nyingi ya kimapenzi. Tumia "Walk me to the bus stop".

"You are lost!" kwa rafiki uliyemkosa miezi mitatu humfanya atazame ramani. Umepotea ya Kiswahili ni "Long time no see". Na ukiondoka mezani ukisema "I'm coming", ukimaanisha nakuja sasa hivi, watakushangaa, maana wanakuona unakwenda. Sema "I'll be right back". "I'm coming" ni ya kuitika pale mtu anapokuita na wewe unamfuata.

Umenenepa, ambayo nyumbani huweza kuwa sifa ya afya njema, isitafsiriwe kabisa.

Mtu akiniuliza "You all right?", ana maana naonekana mgonjwa?

Hapana. Uingereza hiyo ni salamu, sawa na "Mambo?", na jibu lake ni jepesi: "Yeah, you?". "How are you?" pia hujibiwa kama hujambo. Tunasema sijambo hata homa ikiwa imetupanda, nao husema "Fine, thanks".

Angalia "I'm good". Ukiulizwa hali yako, maana yake ni nzuri. Ukiulizwa "Would you like some more rice?", maana yake ni sitaki, nimetosheka. Mwenyeji asiyejua atakuongezea.

"Half seven" ni saa ngapi?

Kwa Mwingereza "half seven" ni kifupi cha "half past seven", nasi tunasema saa moja na nusu. Si saa kumi na mbili na nusu. "Quarter to nine" ni saa tatu kasorobo. Kanuni ya kuongeza au kupunguza 6 unaijua, tatizo ni kuifanya haraka ukiwa kwenye simu. Kwa miadi muhimu andika tarakimu za saa 24: 19:30 haina utata kwa yeyote.

"12 pm" ni saa sita mchana, "12 am" ni saa sita usiku. Ukiambiwa kazi itumwe kabla ya "12 am Friday", uliza, kwa kuwa wenyewe hugongana: ni usiku wa kuamkia Ijumaa au wa kuamkia Jumamosi?

Hapa kuna mtego wa Waswahili hasa. Kwa hesabu ya pwani siku huanza jua linapozama, na usiku wa Ijumaa kwa wengi ni ule unaotangulia Ijumaa. "Friday night" ya Kiingereza ni usiku unaofuata baada ya mchana wa Ijumaa. Mwaliko wa harusi unaweza kukupita kwa saa 24 nzima.

Tarehe nazo: 4/7 ni tarehe 4 Julai Uingereza na Afrika Mashariki, lakini ni Aprili 7 Marekani. Andika jina la mwezi. "Fortnight" ni wiki mbili, neno la Waingereza, Wamarekani hawalitumii sana.

Maneno gani hubadilika maana kati ya Uingereza na Marekani?

Mengi, ila machache ndiyo yanayogharimu. "Pants" Marekani ni suruali, Uingereza ni chupi, kwa hiyo ukiwa London sifia "trousers" za mtu. "Chips" za Uingereza ndizo chipsi zetu. Marekani utaletewa vile vikavu vya pakiti ambavyo Uingereza huitwa "crisps", na chipsi za moto huko ni "fries". "First floor" Uingereza ni ghorofa ya kwanza juu ya ile ya chini, kama majengo yetu yanavyohesabiwa. Marekani ni ya chini kabisa. "Rubber" darasani Uingereza ni kifutio, Marekani ni kondomu. "Public school" Marekani ni shule ya serikali. Uingereza ni shule binafsi ya ada kubwa, na Eton ni mojawapo. "Pissed", neno lisilo la heshima popote, Uingereza ni mlevi, Marekani ni mwenye hasira.

Kwenye mikutano, "table this item" Uingereza ni kuwasilisha hoja ijadiliwe, kama kuweka mezani kwetu. Marekani ni kuiahirisha. Watu wamewahi kukubaliana kwa sauti moja kumbe kila upande una lake.

"Gonna", "wanna" na "ain't" ni sahihi?

Kwenye mazungumzo ndiyo, kwenye barua ya kazi hapana. Lakini zina kanuni, na wanaojifunza kwa nyimbo huzikosa. "Gonna" ni "going to" inayofuatwa na kitenzi: "I'm gonna call you". Haifuatwi na mahali. "I'm gonna Nairobi" ni kosa hata kwa muhuni wa Chicago. Na ile "I'm" haipaswi kudondoka ukiandika.

"Wanna" hutumika na "I", "you", "we", "they". Kwa "he" na "she" sema "wants to". "Ain't" hubeba "am not", "isn't", "haven't" na wenzake. Ipo miaka mingi na ina historia ndefu, ila bado huhukumiwa kama lugha ya asiyesoma. Ielewe, usiitumie kwenye usaili.

Kifupi kinachosumbua zaidi ni "I'd". Kikifuatwa na umbo la tatu la kitenzi (go, went, gone) ni "had": "I'd gone", nilikuwa nimekwenda. Kikifuatwa na kitenzi kitupu ni "would": "I'd go", ningekwenda. "I'd better go" inavunja sura hiyo, ni "had", na maana yake ni afadhali niondoke.

"OK" ilitoka wapi?

Boston, Marekani. Ilichapishwa katika gazeti la Boston Morning Post tarehe 23 Machi 1839, wakati waandishi walipokuwa na mtindo wa kufupisha maneno yaliyoandikwa kwa makosa ya makusudi. "All correct" iligeuzwa "oll korrect", ikawa OK. Mwaka uliofuata wafuasi wa Rais Martin Van Buren, mzaliwa wa Kinderhook, walimwita "Old Kinderhook", na herufi hizo zikapata miguu.

Siku hizi jihadhari na urefu wake. Mtu akikuandikia ujumbe wa mistari kumi, ukajibu "OK", unaonekana umekereka. "K" peke yake ni mbaya zaidi.

Maneno ya vijana mitandaoni yana maana gani?

Mengi yalianza kwa Wamarekani weusi kabla ya kusambaa, kwa hiyo usiyaite makosa ya sarufi. "No cap" ni bila uongo, kama kijana wa Dar anavyosema kweli tupu. "Lowkey" ni kimyakimya au kidogo: "I lowkey miss him", nakiri namkumbuka ingawa sitaki ijulikane. "Salty" ni mwenye kinyongo baada ya kushindwa. "Sus" ni wa kutiliwa shaka. "Slay" ni kupendeza au kufanya jambo kwa ustadi, wala hakuna anayechinjwa. "Rizz" ni ufundi wa kutongoza, na Oxford waliliteua kuwa neno la mwaka 2023.

"Ghosting" ni kumkatia mtu mawasiliano ghafla bila maelezo. Mtu aliyepoteza simu haja-"ghost", kukusudia ndiko kunakofanya jina.

"Gaslighting" linahitaji uangalifu. Lilitokana na tamthilia ya Kiingereza ya 1938 ambamo mume anamfanya mkewe aone ana wazimu. Taa za gesi zinafifia, mke anaziona, mume anakana. Maana yake ni kumfanya mtu aitilie shaka akili na kumbukumbu yake, kwa kurudiarudia. Kumdanganya mtu mara moja, au kutokubaliana naye, si "gaslighting", ingawa mitandaoni kila mbishi anatuhumiwa.

Ushauri wetu: maneno haya yaelewe yote, tumia machache. Huchakaa haraka, na neno lililochakaa kinywani mwa mtu mzima huwafurahisha wanawe kwa sababu isiyo nzuri.

"Quid", "grand" na "buck" ni pesa kiasi gani?

Kama sisi tulivyo na jero na buku Tanzania, au ngiri na thao Kenya, nao wana yao. "Quid" ni pauni moja na haichukui "s": "ten quid". "Fiver" na "tenner" ni noti za pauni 5 na 10. "Buck" ni dola, na hii huchukua "s". "Grand" ni 1,000, ya pauni au dola, bila "s": "five grand" ni 5,000. Sarafu za Marekani: "nickel" senti 5, "dime" senti 10, "quarter" senti 25. "Dime" ni ndogo kwa umbo kuliko "nickel" ingawa thamani yake ni mara mbili, na wageni wengi hulipa vibaya hapo.

Ni maneno gani nisiyatamke kabisa?

Neno la N dhidi ya watu weusi: kulisikia kwenye muziki si kibali, hata kama wewe ni Mwafrika. "Half-caste" limezoeleka kwetu kwa maana ya chotara, lakini Uingereza ni tusi. Sema "mixed race". "Coloured" ni tusi Uingereza na Marekani, ingawa Afrika Kusini ni jina la jamii. "Houseboy" na "housegirl" sema "domestic worker". Mtu mwenye ualbino ni "a person with albinism".

"Bloody" ni la Waingereza, ni ukali mdogo, ila si la kumwambia mkwe.

Kwa nini natamka sawasawa lakini sieleweki?

Kwa kuwa Kiswahili kina irabu 5 na Kiingereza sanifu cha Uingereza kina sauti za irabu kama 20. "Hat", "hut", "heart" na "hurt" zote kinywani mwetu huelekea kuwa "hati". Anza na jozi moja tu: ile ya "ship" na "sheep". Ya "sheep" ni i yetu, ivutwe. Ya "ship" ni fupi na imelegea, kati ya i na e. Ukiifupisha irabu ya "beach" au "sheet" unatukana, na hapo ndipo wengi hujifunza tofauti.

Pili, mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu daima. Kiingereza huuhamisha: "record" ikiwa nomino mkazo ni mwanzoni, ikiwa kitenzi ni mwishoni. "Comfortable" mkazo uko mbele kabisa, na katikati humezwa.

Habari njema ni "th". Wafaransa na Wajerumani huihangaikia, wewe unayo tayari: "think" ina th ya thelathini, "this" ina dh ya dhahabu. Ukisema "sink" na "dis" ni uvivu tu.

Vitenzi kama "put off" na "put up with" nivikaririje?

Mgeni anayejua piga hawezi kubahatisha piga pasi, piga mswaki wala piga kura. Ndivyo ilivyo hapa. "Put off" ni kuahirisha, "put out" ni kuzima moto, "put up with" ni kuvumilia. Usikariri orodha ya "put" 20 kwa siku moja, zitachanganyika. Chukua sentensi nzima ya kila kimoja.

Kanuni inayosaidia: kiwakilishi huingia katikati, "put it off", si "put off it". Lakini vyenye vipande vitatu havigawanyiki, "put up with him", na baadhi ya vya vipande viwili pia, kama "look after her".

Je, Kiingereza chetu cha Afrika Mashariki ni kibovu?

Si kibovu, kina kwao. Kamusi ya Oxford iliingiza maneno ya Afrika Mashariki mwaka 2022, "nyama choma" na "come-we-stay" ya Kenya (kuishi pamoja bila ndoa) yakiwemo. Suala ni kujua unaongea na nani.

"Informations", "equipments" na "luggages" ni sahihi?

Hapana. Kiswahili huhesabu: mzigo, mizigo, kifaa, vifaa. Kiingereza huyachukulia haya kama maji au mchanga, hayana wingi: "information", "equipment", "luggage", "furniture", "advice", "homework". Ukitaka kuhesabu, tanguliza "piece": "two pieces of luggage", "a piece of advice". Na kitenzi kibaki cha umoja, "the furniture is old", hata chumba kiwe na viti arobaini.